Ufito wa Babu Ulitoka Wapi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo ya Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Butiama nikakuta ukoo wetu umegawanyika kwa sababu ya bomba moja la bati. Bomba lenyewe lina urefu wa sentimita hamsini na kitu, lilipigwa rangi ya kijani ambayo sasa imebanduka, na lina kifuniko cha kuzungusha. Ndani yake mna mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko mna vipande vitano vya ufito wa kuvulia samaki. Vyote vilikuwa mali ya marehemu babu yangu. Naandika habari hii katika gazeti letu kwa kuwa wenzangu wengi wameniona nikizunguka na bomba hilo muhula mzima, na wengine wameniita mpiga filimbi.

Kwanza nieleze ugomvi ulivyokuwa. Babu alipokuwa kijana, katika miaka ya 1950, alifanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu mmoja katika mgodi wa dhahabu wa Kiabakari. Mzungu huyo alipenda sana kuvua, akaondoka kurudi kwao mwaka 1958. Miaka mingi baadaye babu alionekana akienda Kirumi, kwenye Mto Mara, na bomba la bati limefungwa kwenye baiskeli yake. Mzee mmoja jirani yetu akasema, “Lile ni bomba la Mzungu. Aliliiba.” Neno hilo halikusemwa mbele ya babu hata siku moja, lakini lilisemwa nyuma yake mpaka alipozikwa. Basi wakati wa kugawana vitu vya marehemu, baba yangu mkubwa akasema ufito uuzwe, kwani amesikia kuna mtu Mwanza anayenunua vitu vya kale kwa fedha nzuri. Bibi akakataa. Alisema, “Kama ni wa wizi hauuzwi. Kama si wa wizi, nataka watu wajue kwanza.” Kisha akanitazama mimi, nisomaye shule, kana kwamba vitabu vyote vimeandikwa kwa ajili ya jambo hilo.

Bibi mwenyewe alisema ya kuwa babu aliuleta ufito huo nyumbani mwaka uliofuata ule wa kuhamia vijijini. Operesheni Vijiji ilikuwa mwaka 1974, kwa hiyo twaweza kusema ilikuwa 1975 au karibu na hapo. Alipewa, asema bibi, na kijana mmoja mgeni ambaye gari lake lilikwama katika matope ya Kirumi, naye babu na wenzake wakalisukuma tangu asubuhi hata alasiri. Jina la mgeni bibi hakulijua. Walimwita Bwana Miwani. Hadithi hii ni nzuri, lakini bibi ni mke wa marehemu, na watu hawakosi kusema kwamba mke atamtetea mumewe.

Nikaona basi ya kuwa mashahidi wote wana upande wao, isipokuwa mmoja, nao ni ufito wenyewe.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Bunda, kwa shangazi. Sokoni pale yuko fundi saa mwenye kioo kidogo cha kukuzia avaacho jichoni. Juu kidogo ya mpini wa ufito niliona alama kama mwandiko, lakini uchafu wa miaka ulikuwa umeufunika. Mimi nilitaka kuusugua kwa mafuta ya taa. Fundi akanishika mkono akasema, “Kijana, ukitia mafuta vanishi itatoka, na mwandiko utatoka nayo. Leta maji ya sabuni.” Akafuta polepole kwa pamba, kama mtu amwoshaye mtoto macho. Tukasoma herufi tatu za kwanza za majina ya mtu, ambazo sitaziandika hapa, na baada yake urefu wa futi 7 na inchi 6, na mwisho alama ya namba pamoja na tarakimu 6. Mwandiko ni wa mkono, wa wino mweusi. Fundi akaniambia jambo ambalo sikulijua thamani yake siku ile: wino uko chini ya vanishi, na vanishi hiyo hiyo ndiyo iliyofunika nyuzi zilizofunga vipete. Maana yake, aliyeandika ndiye aliyeufunga ufito, au walifanya kazi siku moja mezani pamoja. Hakuna aliyekuja baadaye kuongeza maneno.

Hapo nieleze sehemu za ufito kwa wale ambao hawajauona. Sisi wa Musoma twajua sana nyavu, na twajua ndoana iliyofungwa kwenye mshipi na mshipi kwenye kijiti. Ufito wa namna ya babu ni kijiti hicho hicho kilichosomeshwa. Una mpini wa koki, yaani ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa. Una vipete vidogo vya waya ambamo mshipi hupita mpaka nchani. Una mahali pa kushikiza gurudumu la kukunjia mshipi, na katika ufito huu mahali hapo ni mwisho kabisa wa mpini, nyuma ya mkono. Hiyo ni dalili ya ufito wa kurushia chambo cha manyoya, chambo kinachofanana na nzi au panzi. Wazungu huutumia zaidi kwa samaki aitwaye trauti, ambaye hayumo katika ziwa letu ila aliletwa katika mito ya baridi ya nyanda za juu za Kenya tangu mwaka 1905.

Nilipofika shuleni Musoma niliupeleka Mwigobero, wanakoshukia wavuvi, nikitumaini kupata mtu aliyewahi kuuona wa namna yake. Walicheka sana. Mmoja alisema, “Mwanetu, sangara akishika hapa utabaki na mpini.” Kweli sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na wingi wake mkubwa ulionekana miaka ya 1980, na samaki huyo si wa mchezo. Lakini babu hakuvua sangara. Alivua ningu na furu mtoni kwa nyungunyungu, na manyoya ya Wazungu hakuyajua. Jambo moja la maana nililipata Mwigobero: mzee mmoja aliitazama ncha akasema papo hapo kwamba uzi uliofunga kipete cha mwisho ni uzi wa kushonea nyavu, na kipete chenyewe ni spoku ya baiskeli iliyokunjwa. Hiyo basi ni kazi ya babu.

Nilipima vipande vyote kwa rula ya maabara. Vinne vina sentimita 50 kila kimoja, na cha ncha kina 45. Vikiunganishwa, kila kiungo humeza sentimita 5, na viungo ni vinne. Kwa hiyo urefu wote ni 245 kutoa 20, yaani sentimita 225. Lakini mwandiko wasema futi 7 na inchi 6, ambazo ni sentimita 228.6. Zimepungua karibu sentimita 4. Ncha ilivunjika, babu akaifunga tena kwa spoku. Nakiri nilifurahi kupata hesabu hiyo ikikubaliana na spoku ya baiskeli, ingawa haikuthibitisha neno lo lote juu ya wizi. Mwizi pia aweza kuvunja ncha.

Sasa twaingia katika jambo lenyewe. Mwalimu wetu wa Fizikia alinisaidia sana kusoma habari za fito hizi katika chumba cha kompyuta, nami nitaeleza kwa kifupi niliyoyafahamu.

Fito bora za zamani zilitengenezwa kwa mwanzi. Haukuwa mwanzi mzima kama wetu. Walitumia mwanzi mgumu uitwao Tonkin, utokao jimbo la Guangdong huko China. Fundi aliupasua, akachonga vipande sita vyembamba vyenye pembe tatu, akavigandisha kwa gundi vikawa kitu kimoja. Kwa sababu ya vipande sita, ufito huo una pande sita kama penseli. Kampuni ya Hardy, iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji wa Alnwick, Uingereza, ilipata sifa kubwa kwa fito hizo. Viungo vyake vilikuwa vya madini meupe, kimoja kikiingia katika kingine kama kifuniko cha kalamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakageuka. Watu walijua kuvuta kioo kikawa nyuzi nyembamba, kisha kuziloweka nyuzi hizo katika gundi ya kemikali na kuzikausha. Hiyo ndiyo faibaglasi. Kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kuuza fito za faibaglasi mwaka 1947, nazo zikaenea upesi kwani hazikuoza wala kupinda kwa mvua. Katika miaka ya 1970 zikaja fito za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi zaidi.

Je, wa babu ni wa namna gani? Una rangi ya kahawia, tena ni mviringo, na ukitazama mwisho wa kipande utaona tundu katikati. Tulichukua chembe ndogo iliyokuwa imebanduka pale ncha ilipovunjika, tukaishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Ilitoa moshi mweusi na harufu mbaya, kisha moto ukazimika wenyewe, na katika koleo zikabaki nyuzi nyeupe ambazo hazikugeuka majivu. Mwanzi ungaliungua wote. Kaboni ingalikuwa nyeusi. Basi ni kioo.

Nikaruka kwa furaha. Mwalimu akaniuliza, “Mzungu aliondoka mwaka gani?” Nikajibu, 1958. “Na faibaglasi zilianza kuuzwa lini?” Nikajibu, 1947. Akanyamaza akaniacha nifikiri. Kweli Mzungu angaliweza kununua ufito wa faibaglasi miaka kumi na mmoja kabla ya kuondoka. Siku ile nililala vibaya.

Dalili ya pili ilikuwa katika viungo. Ufito wa babu hauna kiungo hata kimoja cha madini. Kipande cha juu hukivaa cha chini kama kofia, faibaglasi juu ya faibaglasi. Mwanzoni fito za kioo ziliunganishwa kwa madini, kwa kufuata desturi ya mwanzi. Viungo vya faibaglasi tupu vilienea katika miaka ya 1960, na kampuni ya Fenwick ya Marekani ndiyo iliyojulikana sana kwa jambo hilo. Hapo tulisogea mbele ya 1958, lakini mwalimu hakuridhika. Alisema ya kuwa mtu mmoja mwenye akili aweza kufanya jambo nyumbani kwake kabla kiwanda hakijalifanya. Nilimwona mgumu sana.

Dalili ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, nayo ni ile tarakimu 6 ambayo nilikuwa nimeipita bila kuifikiri. Katika uvuvi wa chambo cha manyoya, chambo hakina uzito, hivyo mtu hurusha uzito wa mshipi wenyewe. Ufito na mshipi havina budi kupatana. Mshipi mzito utaulemea ufito, na mwepesi hautaupinda. Zamani mishipi ilitajwa kwa herufi, kama vile HDH au HCH, ambazo zilionyesha unene wake. Mishipi ya hariri ilipoachwa na ya plastiki ikaja, unene haukuwa tena kipimo cha uzito. Basi mwaka 1961 chama cha watengenezaji wa vyombo vya kuvulia cha Marekani kilikubali kupima uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi na kuupa namba. Namba 6 ina maana ya greni 160, yaani gramu 10 na kidogo. Kabla ya mwaka huo mtu hakuwa na sababu ya kuandika namba 6 juu ya ufito.

Mwaka 1961 ndio mwaka wa Uhuru wetu. Mzungu wa Kiabakari alikwisha kuondoka miaka mitatu kabla yake. Na kumbukeni alivyosema fundi saa wa Bunda, ya kuwa mwandiko uko chini ya vanishi pamoja na nyuzi, haukuongezwa baadaye. Nilimweleza mwalimu mambo hayo mawili pamoja. Akasema, “Sasa unaweza kwenda kwenu.”

Nani basi aliutengeneza? Ufito wa kiwandani huwa na chapa ya kampuni, na mara nyingi namba ya mfululizo. Huu hauna. Tena viwanda viliuza zaidi fito za vipande viwili au vitatu, na vitano ni vichache mno. Mtu anayetaka vipande vitano vya nusu mita ni mtu ambaye atasafiri na ufito ndani ya sanduku la nguo. Kulikuwa na desturi, na mpaka leo iko, ya kununua ufito mtupu kutoka kiwandani na kuufunga vipete na mpini kwa mkono, ama mtu mwenyewe ama fundi aliyemwagiza. Nyuzi zake ni za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na mpini umechongwa mwembamba kuliko kiganja changu. Nadhani alikuwa mtu mwenye mkono mdogo. Vipimo vya futi na inchi vyaonyesha mkono wa Mwingereza au Mmarekani. Zaidi ya hapo ufito hausemi, nami sitausemea. Kama herufi tatu zile ni za Bwana Miwani, siwezi kuapa.

Likizo ya Juni nilimwendea yule mzee jirani. Mwalimu alikuwa amenionya, “Usimwonyeshe kwanza. Mwulize.” Nikaliacha bomba nyumbani, nikamwamkia, nikamwomba anieleze ufito wa Mzungu ulivyokuwa. Mzee hakusita. Alisema na yeye alikuwa mtoto wa kazi katika nyumba ile ile, na kila jioni aliufuta ufito kwa kitambaa kabla haujarudishwa katika bomba lake. Ulikuwa wa vipande vitatu, rangi ya asali. Viungo vyake vilikuwa vya chuma cheupe, naye alipigwa kofi siku alipoviacha na maji. “Na ulikuwa na pembepembe,” akasema akisugua kidole gumba juu ya vidole vingine, “kama penseli.”

Nikaenda mbio kuleta bomba. Alipoliona alisema, “Ndilo.” Nikafungua, nikampa kipande cha chini. Alikizungusha katika vidole vyake muda mrefu, akitafuta pembe. Akaomba cha pili, na cha tatu. Akauliza viungo vyeupe viko wapi. Nikamwonyesha jinsi kimoja kinavyovaa kingine. Miaka yote ile alikuwa ameona bomba tu, limefungwa kwenye baiskeli inayopita. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi kabisa, kila neno, ila ilikuwa ya ufito mwingine.

Sikumwambia habari za 1961 wala za greni 160. Nilikuwa nimejitayarisha kuzisema, nimeziandika hata katika karatasi, lakini nilipomwona akikishika kile kipande nikairudisha karatasi mfukoni.

Kesho yake alikuja kwa bibi. Waliketi kivulini wakazungumza habari za mvua na mihogo tangu saa nne mpaka saa saba, wala ufito haukutajwa. Bibi alimpa uji akanywa. Alipoinuka kwenda zake alinigeukia akauliza kama ile ncha iliyovunjika yaweza kutengenezwa. Nikamwambia yawezekana, nikipata kipete kizuri kuliko spoku. Akasema anamjua mtu wa Kirumi mwenye vipete.

Baba mkubwa hajasema tena habari za mnunuzi wa Mwanza, ingawa sina hakika kama amesahau. Bomba liko juu ya kabati la bibi, na mimi nimepewa ruhusa ya kulichukua likizo ijayo, mradi nirudi na samaki.